Walkman Iliyolala Kabatini

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanafunzi wa zamani wenzangu, nanyi vijana mnaosoma hapa sasa:

Habari za mabweni na uji wa asubuhi wenzangu watazisema mpaka usiku. Mimi naomba niseme juu ya chombo hiki mkononi mwangu. Ni Walkman. Kampuni ya Sony ilianza kuiuza Japani mwaka 1979. Hii yangu niliinunua mwaka 1986, nikajivuna nayo sana, kisha ikalala kabatini miaka mingi.

Mwaka jana nilitamani kusikia sauti ya marehemu mama, niliyoirekodi sebuleni kwetu. Nikatia betri mbili, nikatia kanda, nikabonyeza. Sauti ikatoka nzito, ya kuvutavuta, halafu kimya. Kufungua kifuniko, utepe umejisokota kwenye kigurudumu cha mpira.

Fundi redio wa mtaani kwetu alinitazama. “Mzee, kwa nini umeanza na hiyo?” Sikuwa na jibu.

Ndani ya chombo hiki mna mpira mwembamba kama wa kufungia noti, unaopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu. Ukizeeka hulegea, mwingine huyeyuka ukawa kama lami. Utepe hutakiwa kupita kwenye kichwa sentimita 4.76 kila sekunde. Mpira ukiteleza, mwendo hupungua na sauti huwa nzito. Tena upande wa kupokea usipozunguka, utepe unaosukumwa hukosa pa kwenda, ukajikunja ndani.

Tulibadili mpira. Kichwa tulikisafisha kwa pamba na spiriti. Penye betri palikuwa na ukoko. Tukaufuta kwa siki kidogo, tukapakausha. Ndipo tukaijaribu kwa kanda ya dansi ambayo hata ikiliwa silii. Ilipocheza pande zote mbili, tukaunyoosha utepe wa mama polepole, tukaurudisha kwa kuzungusha penseli.

Anasikika. Ila pale anapotaja jina langu pana mikunjo, na jina halitoki.

Ndugu zangu, najua wengi mnazo kanda za kwaya na midahalo yetu. Baada ya chakula nitakuwa kwenye meza ya pembeni, na kompyuta ya kuzihifadhia. Zileteni, pamoja na moja msiyoihitaji. Vijana, nanyi nisaidieni penseli, zile za pembe sita.