Kutoka Kibera hadi Kawangware: Hotuba ya Katibu katika Jubilii ya Miaka 25 ya Kwaya

 

Mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, akina baba na vijana, wazazi walezi wa kwaya, kwaya zote zilizokuja kutusindikiza, na ninyi washirika wa Kibera na wa Kawangware ambao leo mmeketi mkiwa mmechanganyika hadi hatujui nani ni wa wapi: tunawasalimu kwa niaba ya kamati ya kwaya.

Tumepewa dakika 15. Wanaotujua wanajua kwamba kwaya hii ikipewa nafasi ya wimbo mmoja huimba mbili, lakini leo tutajitahidi.

Tuliombwa tueleze jinsi kanisa letu lilivyokua hata likawa katika sehemu mbili. Ingekuwa rahisi kusoma majina na miaka, tupigiwe makofi, tukae. Lakini ofisi ya katibu ndiyo inayotunza kitabu cha kumbukumbu za mikutano, na tulipokuwa tukijiandaa tulikisoma tangu ukurasa wa kwanza. Kitabu hakimpendelei mtu. Kwa hiyo tutasema yaliyo mazuri, na tutasema pia yale ambayo tungefurahi kama yasingeandikwa.

Tulianza mwaka 1999, hapa Kibera, waimbaji 14 katika chumba cha mabati upande wa Mashimoni. Mvua ikinyesha, mabati yaliimba kutushinda. Hatukuwa na majoho wala kinanda. Tulikuwa na ngoma moja, kayamba mbili, na karatasi ya solfa iliyokunjwa hadi nota zikafutika.

Na tukumbuke kwamba sisi hatukuwa watu wa kwanza kumwomba Mungu mahali hapa. Kibera ilianza kukaliwa na askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe linatokana na neno lao Kibra, maana yake msitu. Majirani zetu wa Makina walikuwa wakiswali hapa kabla babu zetu wengi hawajapanda gari la moshi kuja Nairobi. Tunawashukuru kwa ujirani huo.

Sasa, tawi la Kawangware lilianzaje? Wageni wetu huuliza kana kwamba kulikuwa na mpango. Hakukuwa na kamati ya upanzi wa makanisa wala bajeti. Kulikuwa na Januari ya 2008.

Wazee mnaikumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Kibera iliwaka. Reli inayopita katikati yetu iling'olewa. Kwaya yetu ilikuwa na watu wa makabila mengi, na ghafla jina la mtu likawa jambo la kumtia hofu. Jumapili moja ya mwezi ule tulifika waimbaji sita. Kitabu kinasema hivi: waliohudhuria sita, hakuna mazoezi, tumeomba tu.

Familia kadhaa za kwaya zilihama. Baadhi zilikwenda kwa jamaa zao Kawangware, ingawa huko nako hakukuwa na amani kamili. Walibeba magodoro, sufuria na watoto. Mama mmoja wa sauti ya pili alibeba pia faili la nyimbo, akaliweka chini ya nguo ndani ya beseni. Hali ilipotulia kidogo wakaanza kukutana jioni za Jumatano katika chumba kimoja upande wa Congo. Hawakuwa na mhubiri. Walikuwa soprano wanne, alto mmoja na tena wawili, bila besi hata mmoja. Waliimba, wakaomba, majirani wakasimama mlangoni kusikiliza. Baada ya miezi michache mlango haukutosha.

Ndugu zetu, hivyo ndivyo kanisa lilivyokua tangu mwanzo. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 8. Waumini hawakutoka Yerusalemu kwa sababu kamati iliwatuma. Walitawanywa na mateso, na kila walikofika wakalisema Neno. Someni sura ya 11: wengine wao walifika Antiokia, kanisa likazaliwa huko, na Yerusalemu ilipopata habari ikamtuma Barnaba aende kuona. Alipoona neema ya Mungu, alifurahi.

Hata historia ya nchi yetu ni hivyo hivyo. Misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891. Malaria iliwashinda kule, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, pale Thogoto, si mbali na Kawangware. Kilichoonekana kuwa kushindwa kikawa mlango. Ukisimama leo juu ya barabara ya Naivasha uhesabu minara na mabango ya makanisa, kumbuka kwamba mengi kati yake yalianza na watu waliokuwa wakihama.

Basi sisi wa Kibera tulipopata habari za Kawangware, tulifanya kama Barnaba? Tulifanya kidogo. Mchungaji wetu wa wakati ule alihubiri hapa saa mbili na nusu asubuhi, kisha akaondoka kwenda kuhubiri huko saa tano na nusu. Nauli ikikosekana alitembea: Makina, barabara ya Ngong, Dagoretti Corner, halafu Congo. Vijana watatu wa kwaya walimsindikiza kila Jumapili kwa zamu. Wale tunawapa heshima leo. Viatu vyao ndivyo vilivyoshikilia kanisa mbili kuwa moja.

Tulijifunza kwamba mahali pawili panaweza kuwa kanisa moja, mkishika mambo machache. Tuliimba nyimbo zilezile kwa karatasi zilezile, hivyo mtu akihama nyumba hakupotea katika ibada. Tulifanya mazoezi ya pamoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mara huku, mara huko. Na wazee wa Kawangware walichaguliwa miongoni mwa watu wa Kawangware, kwa sababu mzee anayelala Kibera hawezi kujua saa nne ya usiku ni nani anayeuguza mtoto kule Gatina.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa tufungue ukurasa ule mwingine.

Mwaka 2011 tulifanya harambee ya kununua kinanda. Watu wa Kawangware walichanga kama sisi. Kuna mama muuza mboga ambaye alichanga mara tatu. Kinanda kilinunuliwa, kikaombewa, kikakaa Kibera. Tulikubaliana kwamba kingekwenda Kawangware kila Jumapili ya pili. Hakikwenda. Mara tulisema mvua, mara nauli ya kukibeba, mara mpiga kinanda ana mtihani. Kitabu cha kumbukumbu kina kichwa kinachosema "Ombi la Kawangware kuhusu kinanda." Tumekikuta katika mikutano saba. Na chini yake, kwa mwandiko wa ofisi hii hii ya katibu, mara saba yameandikwa maneno yaleyale: litajadiliwa mkutano ujao.

Wao waliendelea kuimba kwa ngoma na kayamba. Hawakununa mbele yetu. Lakini hata sadaka yao ilibebwa kuja kuhesabiwa hapa, na ilichukua muda kurudi huko kama kodi ya chumba chao. Zaidi ya mara moja mwenye nyumba aliwafungia mlango, nao wakafanya ibada uani. Tuliwaita tawi, na tawi tulilitazama kama mahali pa kuchuma.

Tumewakosea, ndugu zetu. Tunasema hivyo leo mbele ya kanisa, na tunaandika ndani ya kijitabu hiki ili isisemekane kwamba ilikuwa maneno ya maikrofoni tu. Tunaomba msamaha.

Kisha ikaja Julai 23, 2018, siku ya Jumatatu. Nyumba, shule na makanisa ya Kibera yalibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha barabara ya Ngong na Lang'ata. Maelfu ya watu walikosa pa kulala kwa siku moja, na chumba chetu cha mabati, kile cha 1999, kilikuwa katika njia ya tingatinga. Kufikia mchana tulikuwa tumesimama kando ya vumbi na mabenchi yetu, kama watu wanaosubiri matatu ambayo haiji.

Hatukupiga simu yoyote Kawangware. Aibu ilituzuia. Lakini kabla jua halijatua walifika wenyewe na mikokoteni miwili. Wakapakia mabenchi, ngoma, majoho na masanduku ya vitabu. Na kijana mmoja wao akakichukua kinanda, akakifunga kwa shuka lake, akakipakata hadi Congo. Hivyo ndivyo kinanda kilivyofika Kawangware hatimaye. Hakuna aliyesema neno. Yule mama muuza mboga alikipangusa vumbi, akauliza tumekula au hatujala.

Kwa miezi tisa tuliabudu kwao. Walituachia saa ya asubuhi, wao wakaenda alasiri, wakati wa jua kali na watoto wenye usingizi. Tukakumbuka tena Antiokia. Njaa ilipotabiriwa, kanisa changa la Antiokia ndilo lililochanga likatuma msaada kwa ndugu walioko Uyahudi, kule Injili ilikotoka. Mtoto alimlisha mzazi.

Na Machi 2020 ibada zilipofungwa kwa sababu ya korona, kisha Julai tukaruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa ibada isiyozidi saa moja, tulishukuru kwamba hatukuwa na jengo moja kubwa. Tulikuwa tumezoea kuwa wachache mahali pengi. Wale waliokuwa wakituuliza kwa nini tusikusanye watu wote chini ya paa moja kubwa, walinyamaza kidogo.

Sasa tunafika kwenye jambo la leo, na tunaomba msikilize vizuri kwa sababu limesababisha maneno mengi kwenye simu zetu.

Kwaya ya Kawangware imeomba kusimama yenyewe: iwe na jina lake, katibu wake, daftari lake na akaunti yake. Kamati imekubali. Jubilii hii ndiyo siku ya mwisho ambayo tunaitwa kwa orodha moja. Baadhi yetu wamelia. Wengine wamesema, "Tumewalea, sasa wanatuacha."

Wengi wetu tumelelewa mahali penye migomba. Tunajua mgomba ukizaa machipukizi na yote yakaachwa chini yake, yatakula udongo mmoja na mikungu yote itakuwa midogo, hata wa mama. Mkulima hamchukii mama anapolitenga chipukizi. Analikata kwa panga kali, akiliachia mizizi yake, akalipande mahali penye nafasi. Nasi ndugu zetu wa Kawangware tusiwape jina bila mizizi.

Ndiyo maana kamati imeamua mambo mawili. Kwanza, kinanda kinabaki Kawangware. Kibera tutaanza harambee nyingine, na safari hii tutajua maana ya kusubiri. Pili, mwalimu wetu wa kwaya anakwenda nao kwa miaka miwili.

Tumesikia mguno. Hata sisi tuliguna. Ametufundisha karibu kila wimbo tunaoujua. Akienda, Kibera tunabaki waimbaji 19, besi wawili, na mwalimu msaidizi ambaye bado anatetemeka akishika fimbo. Tunaogopa. Hatutawadanganya siku ya Bwana. Lakini Matendo 13 inatuambia Antiokia ilipotuma watu, haikutafuta wale ambao hawakuwa na kazi. Ilimtoa Barnaba na Sauli, walimu wake. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Wahenga nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tunamaliza kwa maombi matatu. Washirika wa Kibera: leteni watoto wenu kwenye mazoezi Jumamosi ijayo saa nane, hasa wavulana ambao sauti zao zimeanza kukatika, kwa maana tunahitaji besi. Washirika wa Kawangware: mkipata tawi lenu huko Kabiro au Kangemi, msome ukurasa ule wa kinanda kabla hamjaandika kumbukumbu zenu za kwanza. Tumewatolea nakala. Na sote: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ibaki yetu pamoja, kwa daftari mbili na wimbo mmoja.

Baada ya hotuba hii kwaya itaimba mara ya mwisho ikiwa moja. Tukimaliza, wa Kawangware watatoka kwa mlango wa kulia, nasi tutawasindikiza hadi barabarani. Anayetaka kulia na alie, lakini asikose sauti yake.