Muulize Akiwa Peke Yake

Kenya ilipata sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu umri wa miaka 15. Mama wa Kaloleni au Shauri Moyo, jijini Nairobi, akiulizwa kliniki kuhusu jicho lililovimba mumewe akisikia, atasema ameteleza bafuni. Daktari amtoe mume kwanza, aulize waziwazi, na aandike kila jeraha, maana rekodi hiyo ndiyo huipa fomu ya polisi ya P3 uzito mahakamani. Eti huko ni kuvunja ndoa? Aliyeivunja ni aliyepiga. Hofu ya maana ni kwamba mtu mzima, kesi yake ikiripotiwa bila ridhaa yake, hatarudi kliniki. Basi aamue mwenyewe, ila mtoto akiwa hatarini daktari asingoje ruhusa. Namba ya msaada ni 1195, bila malipo.