Ngozi na Mwanga wa Leza

Iwapo yupo kati yenu, wakazi wa Awendo, aliyeazimia kusafiri hadi Kisumu au Nairobi ili makovu ya chunusi yaondolewe usoni kwa leza, na afahamu kwanza kwamba mwanga ule mara nyingi huunguza kwa makusudi tabaka la juu la ngozi ili iote mpya, hata uso ukavimba na kutoa majimaji kwa siku 5 hadi 10 hivi, na wekundu wake ukadumu wiki kadhaa, pengine miezi.

Ama sisi wenye ngozi nyeusi tuna hadhari yetu, kwani ngozi hii ikijeruhiwa hulipiza kwa mabaka meusi, na mwenye asili ya makovu manene yanayovimba aweza kurudi na kovu kubwa kuliko lile alilolikimbia. Ndiyo maana tabibu mwenye insafu hutumia nguvu ndogo, tena hujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Mwambieni dawa zote mnazotumia, hata zile krimu za kujichubua mnazozificha kabatini. Na kwa kuwa ngozi iliyotoka kuunguzwa haitaki jua, mkata miwa, ambaye jua ndilo mwajiri wake wa pili, heri angoje msimu atakapoweza kukaa kivulini.