Hasira na Kungoja



Leo tunazungumza juu ya hasira. Sisi wa Kasumulu tunaijua. Mto Songwe, ulio mpakani mwetu na Malawi, huhama mkondo wake wakati wa mafuriko. Mtu aliyelala na shamba la mpunga huamka akalikuta limemegwa, au limebaki ng'ambo ya pili. Maji hayasikii matusi. Basi hasira humwangukia jirani, ambaye hakuuamuru mto, na mkono ukaanza kulitafuta panga.

Wenye hekima wa kale walioitwa Wastoiki walilitafakari sana jambo hili. Seneca wa Roma, aliyefariki mwaka 65, aliandika vitabu 3 juu ya hasira. Alieleza kwamba mshituko wa kwanza, damu kupanda na mwili kutetemeka, hauko katika hiari yetu. Hasira yenyewe huanza pale akili inapokubali kwamba tumedhulumiwa na kwamba yatupasa kulipiza. Dawa aliyoisifu kuliko zote ni kungoja. (Mwanafunzi wake Nero, mfalme wa Roma, hakunufaika na mafunzo hayo: ndiye aliyemwamuru mwalimu wake ajiue.)

Watakuwapo wanaouliza tuna haja gani na maneno ya Warumi. Mtume wetu (S.A.W.) alipoombwa wasia na mtu mmoja alimkataza hasira, na kila mtu yule alipoomba tena, jawabu lilikuwa lile lile. Akafundisha pia kwamba aliyekasirika amesimama na aketi, na isipomtoka na alale. Tazameni basi: aliyeketi halifikii panga upesi. Ni kungoja kule kule, ila kumefanywa tendo la mwili, nalo hata asiyejua kusoma analiweza.

Mahali pamoja njia zinaachana. Wastoiki walitaka hasira ing'olewe kabisa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha na mbwa wa mwindaji, ambaye hufaa akifundishwa kutii. Nasi twaona hiyo ndiyo kauli ya haki, kwa kuwa hatuambiwi tunyamaze shamba likichukuliwa kwa dhulma. Twende kwa wazee na kwa serikali ya kijiji. Ila twende kesho, baada ya kuswali alfajiri, na huyo jirani tumpitie njiani.