Sumu ya Nyoka Haifi Pamoja na Nyoka

Wengi wetu tukishaua nyoka tunaona hatari imekwisha. Sivyo.

Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa protini, jamii moja na zile za maziwa na nyama. Maziwa yakiachwa juani huharibika, lakini sumu haiharibiki upesi hivyo. Protini nyingi za sumu ya swila ni ndogo na zimefungwa kwa vifungo imara vya salfa, kama fito zilizokazwa kwa kamba. Ikikauka hudumu miaka mingi. Maabara huihifadhi ikiwa unga, kisha huitumia kutengeneza dawa ya kuzuia sumu.

Sumu ya kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ina vimeng'enya vinavyokata nyama na mishipa ya damu. Mbona havimli mwenyewe? Ndani ya tezi vimezuiwa na asidi na sitreti. Baadhi hutengenezwa vikiwa na kifuniko, kama sime ndani ya ala, na huweza kukikata vyenyewe. Sumu ikiingia mwilini mwa ng'ombe, vizuizi hupungua nguvu na kazi huanza. Sumu ya majimaji ikikaa, vimeng'enya huweza kukatana vyenyewe na ukali kupungua. Pasipo maji haviwezi, ndiyo maana sumu kavu hubaki kali.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Usishike kichwa cha nyoka aliyekufa, hata kilichokatwa. Bado kinaweza kuuma. Kifukie shimoni, watoto na mbwa wasikifikie.

2. Swila akitema machoni mwako au mwa ndama, osha kwa maji safi mengi.

3. Mnyama akiumwa, usichanje, usichome kwa chuma cha moto, wala usifunge kamba. Chuma huunguza ngozi, na sumu imeshapita. Mtulize kivulini, mpe maji, usimswage mbali. Akiumwa puani au mdomoni, mvue kamba ya kichwa mapema, maana uvimbe huziba pumzi. Mwite mtaalamu wa mifugo.

4. Mtu akiumwa, apelekwe hospitali mara moja. Dawa huzuia sumu, lakini hairudishi nyama iliyokwisha kufa.

La mwisho ni kubwa. Ukikuta ng'ombe amekufa ghafla, tumbo limejaa, damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, usiseme haraka kwamba ni nyoka. Sumu ya kifutu huweza kuvujisha damu, lakini kimeta nacho hufanya hivyo. Usipasue, usichune, usile. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujijengea ganda na kukaa ardhini miaka mingi, vikingoja ng'ombe wengine. Funika mzoga, zuia mbwa na fisi, toa taarifa siku hiyohiyo.

Mwenye swali aniulize siku ya josho.