Umeliinua ili Nani Asipande?

Leo sitazungumzia bei ya sukari wala msongamano wa daladala. Nataka tuzungumze juu ya haya magari yanayoinuliwa, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa na pikapu, Toyota Hilux ya milango minne, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwetu ni Mahenge, wilayani Ulanga. Anayeifahamu njia ya huko atakumbuka ilivyokuwa siku zile: ukishauvuka mto Kilombero kutoka Ifakara ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na mwisho wake ni kupanda milima, kona baada ya kona. Mara mbili nilikwama kwa sababu tumbo la gari lilikaa juu ya tuta la katikati ya njia, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Nikaamua kuliinua gari. Mpaka hapo sikuwa na kosa. Mtu mwenye safari kama ile anayo haki ya kutaka gari lililo juu kidogo.

Sasa, kwa wasio mafundi, nieleze kidogo. Hilux za kuanzia mwaka 2005, kwa mbele, zina springi ya kujizungusha iliyovikwa juu ya shokapu, na kwa nyuma zina springi za bapa zilizofungwa kwenye ekseli. Mimi niliondoa zile za mbele za kiwandani, nikaweka aina ambayo vijana wa gereji huiita koilova. Mwili wa shokapu ya namna hii umechongwa nyuzi kama za bolti, na juu yake ipo pete nene ambayo ndiyo kiti cha springi. Ukiizungusha pete ipande, gari linapanda. Ukiizungusha ishuke, gari linashuka. Jambo rahisi, na urahisi huo ndio ulioniponza.

Fundi alinishauri tuinue sentimita 5 tu. Mimi nikatazama nyuzi zilizobaki nikamwambia, "Fundi, weka yote. Hizo zilizobaki hapo juu ni za nini?" Fundi akanitazama, akajibu, "Bosi, gari ni lako." Akazungusha pete zikapanda mpaka zikagota. Gari likatoka gereji limesimama kama twiga anayetafuta majani ya juu. Watoto wa mtaani wakapiga makofi, na mimi, mtu mzima mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari, nikavimba kichwa. Hata kwenda kupima alaimenti sikwenda, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na nilikuwa na haraka ya safari.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumchukua mama yangu mzazi Ifakara, alikokuwa amekwenda kumtazama dada yangu, nimrudishe nyumbani Mahenge. Mama alilizunguka gari lile polepole. Akashika mlango, akainua mguu, ukagoma. Akajaribu tena. Ndipo akanigeukia akasema, "Mwanangu, gari hili umeliinua ili nani asipande?"

Tulicheka sote. Mpwa wangu akaleta kigoda, tukampandisha bibi yake kama mzigo wa heshima.

Tulikuwa tumekwisha kuanza kupanda milima, mvua nyepesi inanyesha, nami sikuwa na mwendo mkali. Katika kona moja lilikuwepo shimo upande wa kulia. Gurudumu likaingia shimoni, nikasikia mlio wa chuma, kung! Usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu kama usukani wa gari la mchezo. Gurudumu la mbele lilikuwa limening'inia hewani. Kabla halijaikamata ardhi tena, gari lilikuwa limekwisha kwenda lilikotaka. Kwa bahati lilitaka upande wa mlima, si upande wa bonde. Likajibamiza kwenye ukingo wa udongo, likasimama limeinama.

Wapwa zangu wawili hawakupata hata mchubuko. Mama aliteguka? Hapana, mama alivunjika mkono wa kushoto, kwenye kiwiko cha chini karibu na kiganja. Alikuwa na miaka 71.

Ndugu wasikilizaji, somo la jambo hili sikulipata hospitali. Nililipata siku ya nne, kwa fundi mmoja mzee pale Ifakara ambako gari lilivutwa. Alilala chini ya gari kwa muda mrefu, akatoka akijifuta mikono, wala hakunigombeza. Aliniambia hivi: "Mwanangu, wewe hukuongeza urefu. Umeuhamisha."

Nikamwuliza ana maana gani. Akaunyoosha mkono wake wote mbele, ukawa kama fimbo. "Mkono huu," akasema, "utafika wapi tena? Kitu kikiwa mbali kidogo tu, siwezi kukigusa." Kisha akaukunja kwenye kiwiko. "Huu ndio mkono unaoweza kupokea mzigo, na unaweza pia kufuata kitu kinachokwenda mbali. Shokapu ni mkono. Uliponyoosha yote, gari likasimama juu, lakini gurudumu likanyimwa nafasi ya kushuka. Likikuta shimo linabaki hewani, na gurudumu lililo hewani halina usukani wala breki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Pete ile hairefushi shokapu hata kwa unywele. Shokapu ina safari yake iliyopimwa kiwandani, kwenda juu na kwenda chini. Kila sentimita unayoipandisha gari umeikata katika safari ya kushuka. Mzee aliniambia kwamba kwa gari la kazi, karibu theluthi moja ya safari yote iachwe kwa ajili ya kushuka. Mimi nilikuwa nimeacha upana wa kidole.

Akanionyesha na mengine. Mipira inayofunika viungo vya shafti za mbele ilikuwa imekwisha kuchanika, kwa sababu shafti zilikuwa zinazunguka zikiwa zimepinda kupita kiasi. Mpira wa breki ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Tairi zilikuwa zimeanza kulika upande mmoja, kwa kuwa gari likiinuliwa magurudumu hubadili namna yanavyosimama, na mimi sikupima alaimenti. Tena, difu ya nyuma, ambayo ndiyo hugusa tuta kabla ya vingine, ilikuwa pale pale ilipokuwa tangu kiwandani. Difu ya ekseli nzima haiinuliwi na springi. Huinuliwa na tairi kubwa zaidi, basi.

Alinitengenezea upya mbele ya macho yangu, nami nitawaeleza alivyofanya ili atakayekwenda gereji kesho ajue la kuuliza. Kwanza alilisimamisha gari penye sakafu tambarare, akajaza upepo wa tairi sawasawa, akarudisha ndani mizigo ninayobeba siku zote. Akapima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne, akaandika kwa chaki ukutani. Hakupima kutoka chini ardhini, kwa sababu tairi na upepo wake hudanganya. Kisha akapiga jeki, akaweka stendi chini ya chasisi, magurudumu yakaning'inia. Akasugua nyuzi kwa brashi na mafuta, akalegeza bolti inayobana pete, ndipo akaizungusha kwa spana yenye ndoano. Nati ya juu kabisa ya shokapu hakuigusa. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, na anayeifungua nati ile bila kifaa cha kuishika springi anachezea roho yake.

Alikwenda kwa nusu sentimita. Kwa gari la namna hii, ukiisogeza pete sentimita moja, bodi husogea karibu sentimita mbili, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, si kwenye gurudumu lenyewe. Akalishusha gari, na kabla ya kupima akaniambia nilisukume mbele na nyuma mita kadhaa, kwani gari likitoka kwenye jeki husimama juu ya uongo. Akapima, akarudia, mara tatu. Mwisho akaikaza bolti ya kubana pete. Akageuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia magurudumu yakiwa yananing'inia, akatazama mipira ya breki kama ina ulegevu. Akaniagiza nikapime alaimenti na nikashushe taa za mbele, maana gari likipanda pua, taa hupiga machoni mwa wanaokuja.

Jumla aliniachia sentimita 4. Nilimwuliza, "Mzee, nikifunga bampa la chuma, si nitazungusha tena kidogo?" Akacheka. "Springi haipati nguvu kwa kuzungushiwa pete. Mzigo ukizidi, nunua springi nene."

Sasa nirudi kwetu mjini. Jioni ukisimama kando ya barabara zetu utayaona mapikapu ambayo bampa lake linatazamana na kifua cha mtu mzima. Hayaendi Mahenge. Yanatoka ofisini yanakwenda nyumbani, barabara ya lami mwanzo mpaka mwisho. Dereva aliyeketi juu hivyo hamwoni mtoto anayevuka mbele ya bampa. Gari lake ni jepesi kupinduka anapokwepa bodaboda. Taa zake zinampofusha mwenye gari dogo. Anayebeba hatari hiyo mara nyingi si yeye mwenye pikapu.

Sisemi tusiinue magari. Daktari wa wilaya anayekwenda zahanati wakati wa mvua, bwana shamba, mchukuzi wa mpunga, hao wana sababu. Nasema tujiulize sababu kabla ya kumwambia fundi neno. Na ninyi mafundi, ndugu zangu, mteja akisema "weka yote", msiseme gari ni lake. Ndani ya gari hilo watapanda na wengine ambao hawakuulizwa. Mtaka yote hukosa yote, na wakati mwingine anayekosa ni mtu mwingine kabisa.

Mkono wa mama uliunga, lakini hauzunguki vizuri. Kusonga ugali sasa ni kazi ya wajukuu. Sentimita 4 zile anaziweza: anashika mlango, anainua mguu, anapanda mwenyewe. Kigoda kile bado nakibeba nyuma ya kiti. Hajawahi kukiomba, nami sijathubutu kukitoa.

Kwa leo naishia hapo. Safirini salama, tukutane wiki ijayo.