Mito ya Hedifoni Katika Hewa ya Pwani: Kurekebisha na Kuboresha Vifaa vya Kusikilizia kwa Mikono Yetu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya mafundi wa studio na wapenzi wa vifaa vya sauti

1.0 Utangulizi



Niliombwa nizungumzie urekebishaji na uboreshaji wa hedifoni kama kazi ya mikono inayofanyika nyumbani na kwenye karakana ndogo. Kichwa hicho ni kipana. Wapo wanaobadilisha waya, wapo wanaounda vikuza sauti vya mfukoni, na wapo wanaofungua vikombe na kujaza pamba. Nitagusa yote hayo kwa sababu niliyaahidi kwenye muhtasari wangu. Lakini sehemu kubwa ya muda nitaitumia kwenye mito, yaani zile pete laini zinazokaa kati ya spika na sikio. Huko ndiko hedifoni za mwambao wetu zinakofia, na huko ndiko fedha za ofisi zetu zinakopotea.

Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu, si msimamo wa mwajiri wangu. Kifaa cha ofisi kina namba ya usajili na hakifunguliwi bila kibali cha maandishi. Kifaa kipya nacho kikifunguliwa, dhamana ya muuzaji inaingia mashakani. Mazoezi ya alasiri yatafanyika kwenye vifaa vyetu binafsi.

2.0 Maelezo ya msingi

Haya mnayajua, nitayapita upesi. Hedifoni ni spika mbili ndogo zilizofungwa kwenye utepe wa kichwani. Zilizofungwa nyuma huzuia sauti isitoke wala kuingia, ndiyo maana studio huzipenda. Zilizo wazi nyuma hupumua na huleta sauti pana zaidi; HD 414 ya Sennheiser ilifungua soko hilo mwaka 1968. Ukinzani hupimwa kwa omu. DT 770 Pro ya Beyerdynamic imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250, na ile ya 250 itasikika hafifu ukiichomeka kwenye simu ya kawaida kwa sababu inahitaji volti zaidi. Kwenye pini ya kawaida yenye sehemu tatu, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi.

3.0 Maboresho yanayofahamika

Anayetaka kujua kazi hii inaweza kufika wapi aitazame T50RP ya Fostex ya Japani. Ni hedifoni ya studio ambayo spika yake si koni. Ni utando mwembamba wenye njia za umeme, uliowekwa katikati ya sumaku. Bei yake ilikuwa ya kawaida na vikombe vyake hufunguka kwa skrubu, basi wapenzi wa sauti duniani kote wakaifanya darasa lao. Walipunguza matundu ya kibao cha spika kwa utepe, wakabandika udongo wa kuchezea watoto ndani ya vikombe ili plastiki isitetemeke, wakaweka pamba kunyonya sauti inayorudi kutoka nyuma, kisha wakavua mito ya kiwandani na kuvika mito minene ya hedifoni nyingine. Dan Clark wa Marekani alianza kwa kuuza T50RP alizozirekebisha kwa jina la Mad Dog, na leo kampuni yake inatengeneza hedifoni zake yenyewe tangu mwanzo. Zach Mehrbach wa ZMF, eneo la Chicago, alipitia njia hiyohiyo.

Kuhusu waya nitasema machache. Waya wa ndani ya hedifoni nyingi ni nyuzi nyembamba zilizopakwa vanishi ya rangi, kwa kawaida nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na rangi ya shaba kwa ardhi. Risasi haishiki mpaka vanishi iungue, kwa hiyo paka risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemu na uushikilie waya humo hadi ung'are. Kukata waya wa kudumu na kuweka tundu la kuchomeka ni kazi nzuri, maana mtu akikanyaga waya unabadilisha waya tu. Anayewaambia kwamba waya wa fedha utaongeza besi anawauzia waya.

Kikuza sauti cha mfukoni cha Chu Moy, kinachotumia betri ya volti 9 na saketi moja ndogo ya ukuzaji, bado ni mradi mzuri wa kumfundishia kijana kulehemu. Kinafaa kwa hedifoni zenye omu nyingi. Kwa nyingine msitarajie makubwa.

4.0 Mito

4.1 Mto ni sehemu ya chombo

Watu huuchukulia mto kama kitu cha starehe, na hapo ndipo upotofu wote unapoanzia. Chini ya hezi 200 hivi, hedifoni iliyofungwa haifanyi kazi kama spika ya sebuleni. Inakandamiza na kuvuta hewa kidogo iliyonaswa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikipata upenyo, shinikizo linatoka na besi inaondoka nalo. Upenyo wenyewe unaweza kuwa mkono wa miwani tu, au misuko, au mkunjo wa ushungi. Watangazaji wetu wengi huvaa hijabu, na wengine hupiga vilemba. Mtu huyo husikia besi pungufu kuliko mwenzake wa kiti cha pili, kisha anaambiwa kwamba hajui kuchanganya sauti. Nimeshuhudia mabishano hayo mara nyingi na yananisikitisha, kwa sababu wote wawili wanasema kweli: kila mmoja anasikiliza chombo tofauti.

Unene wa mto nao unafanya kazi. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na peke yake huikuza sauti iliyo karibu na kilohezi 3. Mbunifu wa hedifoni ameshapiga hesabu ya sikio hilo, ya umbali kutoka kwenye spika, na ya ujazo wa hewa iliyopo katikati. Ukivika mto mnene kuliko wa awali umesogeza spika, umeongeza hewa, na vilele vya sauti kali vinahama. Herufi "s" ya msomaji wa habari inaanza kuchoma sikio, au inafifia kabisa. Mahameli hunyonya sauti kali na kuvujisha besi, ilhali ngozi huziba na kurudisha mwangwi. Ngozi iliyotobolewa upande wa ndani huruhusu sponji inyonye kidogo, hivyo hukaa katikati. Hata upana wa shimo la katikati ukibadilika, sauti inabadilika.

4.2 Kwa nini mito yetu inapukutika

Mito mingi ya hedifoni za studio imevikwa ngozi bandia: kitambaa chembamba kilichopakwa poliyurethani. Poliyurethani, hasa ile ya jamii ya poliesta, huvunjwavunjwa na mvuke wa maji. Joto huharakisha, jasho na mafuta ya ngozi huongeza. Kuanzia Mtwara hadi Lamu hewa ina unyevu na joto takriban mwaka mzima, kwa hiyo mto hauhitaji kutumika ili uharibike. Hedifoni iliyofungiwa stoo ikiwa mpya inaweza kutolewa baada ya miaka michache ikiwa imevaa magamba meusi. Ni ugonjwa uleule wa viatu vilivyotunzwa kabatini ambavyo soli yake inamomonyoka siku ya kwanza ya kuvaliwa.

Sisi wenyewe tumeuchochea ugonjwa huo. Tangu wakati wa Uviko studio nyingi hupangusa mito kwa spiriti baada ya kila kipindi. Nia ni njema na usafi ni wa lazima pale watu wengi wanapovaa hedifoni moja, lakini spiriti hukausha koti la poliyurethani na kulipasua. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kikifuatiwa na kitambaa kikavu, kinatosha kwa kazi ya kila siku. Bora zaidi, kila mtangazaji awe na mito yake.

Mto ukishapasuka, unavuja. Ukivuja, besi inapungua na kelele za nje zinaingia, na mtangazaji anaongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10. Fundi wa zamu anayefidia mto mbovu kwa kuzungusha kitufe anamaliza posho yake ya wiki ndani ya siku mbili. Mimi si daktari na sitaki kuvuka mipaka ya taaluma yangu, lakini hili linahusu masikio ya wafanyakazi na haliwezi kuachwa kwa fundi peke yake.

4.3 Mito mbadala

Mito ya bei nafuu inayouzwa Kariakoo na mitandaoni huandikwa kwamba inaingia kwenye hedifoni fulani. Kuingia inaingia. Kwamba sauti itabaki ileile, hilo halimo kwenye maelezo. Sponji yake huwa nyepesi, unene wake ni tofauti, na ngozi yake ni poliyurethani ileile inayosubiri masika.

Njia ninayoitetea ni kushona. Fundi viatu anayo ngozi nyembamba ya mbuzi, na fundi wa makochi anayo cherehani inayoweza kuishona. Vua mto wa zamani taratibu, fumua mishono yake uwe kielelezo, pima unene wake pale ambapo haujalala, na upime shimo la katikati. Sponji iwe ile inayopitisha pumzi ukiipuliza. Sponji ya kandambili haipitishi hewa na itakupa sauti ya kopo. Ngozi ya kweli haipukutiki kama poliyurethani, ila hupata ukungu ikifungiwa mahali penye unyevu. Iachwe kwenye hewa baada ya zamu na isirudishwe kwenye mfuko wa plastiki. Anayeona kushona ni kazi nzito na hedifoni yake ilitoka kiwandani na mahameli, kama DT 770 Pro za omu 80 na 250 au HD 600, basi atafute mito halisi ya mahameli. Haina koti la kupukutika, na watengenezaji hao huiuza kama kipuri.

4.4 Kupima

Sikio husahau upesi, na aliyetumia jioni nzima kushona mto atausikia mzuri. Kwa hiyo tupime. Bapa la ubao lenye kapsuli ya maikrofoni ya elektreti katikati, lililofunikwa kwa kipande cha ngozi laini, linatosha pamoja na programu ya Room EQ Wizard ambayo ni ya bure. Kifaa hicho hakitakuambia ukweli wa sauti ya hedifoni yako, kwa sababu hakina umbo la sikio. Kitakuambia tofauti kati ya mto wa jana na wa leo, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Vua na uvike tena hedifoni kwenye bapa kabla ya kila kipimo, kisha chukua wastani. Mkao mmoja hauaminiki.

Asiye na kompyuta acheze mlio wa hezi 50 kwa sauti ya chini akiwa amevaa hedifoni, halafu abane vikombe kidogo kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, mto unavuja. Jaribio hili halina gharama, na nashangaa kwamba bado halimo kwenye fomu zetu za ukaguzi.

4.5 Utaratibu wa ofisi

Hapa naomba kueleweka: simlaumu mtu wala idara. Lakini mwaka baada ya mwaka ripoti za ukaguzi ninazoziandika zimesema jambo moja, kwamba hedifoni zinazoondolewa kama "mbovu" zina spika nzima, waya mzima na utepe mzima, na kilichoharibika ni mito. Jibu limekuwa lilelile: mto haumo kwenye orodha ya vipuri, kwa hiyo hauwezi kuagizwa. Hedifoni nzima imo. Basi hununuliwa hedifoni nzima, ya bei nafuu kuliko iliyoondolewa, yenye mito ya poliyurethani, na safari inaanza upya. Chombo kizuri kinalala stoo kwa kukosa pete mbili za sponji na ngozi. Hili linaumiza.

5.0 Mapendekezo

(i) Mito ya hedifoni iingizwe kwenye orodha ya vipuri vya matumizi ya kawaida, kama betri za maikrofoni.

(ii) Hedifoni isiondolewe kwenye matumizi kabla ya kujaribiwa ikiwa na mito mizima.

(iii) Anayenunua aulize kwanza kama mito yake inauzwa peke yake. Kama haiuzwi, atafute aina nyingine.

(iv) Mito isipanguswe kwa spiriti.

(v) Kila mtangazaji apewe mito yake yenye jina lake. Wanaovaa hijabu, vilemba na miwani wapewe mito laini na minene kiasi, na mchanganyiko wao wa sauti ukaguliwe pia kwa spika.

(vi) Jaribio la hezi 50 liingizwe kwenye fomu ya ukaguzi.

(vii) Vyuo vya ufundi vinavyofundisha umeme wa vifaa vishirikiane na mafundi wa ngozi na makochi, kwa sababu ujuzi unaohitajika hapa uko kwao zaidi kuliko kwetu.

(viii) Anayefanya kazi hii nyumbani aanze na mto, afuatie pamba na matundu ya kikombe, waya na kikuza sauti vije mwisho. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, apime, aandike.

(ix) Vifaa vya ofisi vifunguliwe kwa kibali tu. Kibali hicho kitolewe ndani ya muda unaoeleweka.

(x) Hedifoni zisitunzwe kwenye stoo yenye unyevu, ziwe mpya au kuukuu.

(xi) Narudia pendekezo la kwanza: mito iingie kwenye orodha ya vipuri. Bila hilo, mengine yote yatabaki juhudi za mtu mmoja mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, kama muda hautatosha kujadili mapendekezo yote, naomba hilo la kwanza liandikwe kwenye maazimio ya leo kama lilivyo, na wakuu wa vitengo waliopo hapa walipeleke kwa maofisa wao wa ununuzi kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.